Mkoa Uliobaki Mweupe

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umekupunguzia adhabu na kile kikohozi cha asubuhi kimekwenda zake. Mimi huku sijambo, nakula vizuri, nalala vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, sweta navaa. Mdogo wangu umsalimie sana. Mwambie yule mchumba aliyenitafutia nimempokea kwa maneno tu, na kwa maneno hayohayo nimemrudisha alikotoka.

Jambo la kwanza, Mama, barua hii uisome mwenyewe. Usimpe mdogo wangu akusomee eti miwani haionekani. Itafute, na uanzie kichwani mwako. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu tukamaliza. Mama, wewe simu unaifungulia sauti yote, mtaa mzima unasikiliza, na juzi nilikuuliza umelala vipi akajibu jirani. Haya ya leo nataka uyapate wewe kwanza, umekaa, mlango umeurudishia.

Nasikia bado unawaambia watu kwamba binti yako yuko serikalini anapaka rangi, na wao wanadhani napanda ngazi na ndoo ya chokaa. Basi ngoja nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa yaliyonipata. Kukitokea balaa mahali, iwe mafuriko, ukame, moto au ugonjwa, serikali inatoa fedha za dharura ili familia zivuke kipindi kile kibaya. Fedha zinalipwa kwenye vituo, na kila kituo kinatuletea taarifa ya kilicholipa. Sisi tunachukua taarifa zile tunazigeuza kuwa ramani. Mkoa uliolipwa nyingi tunaupaka nyekundu, uliolipwa kidogo njano, na ule ambao haukulipwa kitu tunauacha mweupe. Ramani moja kwa kila mwaka, basi, ndiyo kazi yangu.

Mkuu wa chumba chetu ni mzee mmoja anayekaribia kustaafu, tunamwita Bwana Rula kwa sababu haendi popote bila rula yake ya mbao, hata chai anakoroga nayo asipoangaliwa. Alianza kazi kama karani wa malipo, anazungushwa vituoni na sanduku la fedha na askari mmoja, ndipo baadaye akaletwa ofisini. Ni mtu wa maneno machache na moyo mwepesi wa kuguswa na mambo, ingawa mwenyewe anajitia ukali.

Sasa, Mkurugenzi wetu, mama mmoja mrefu asiyependa kuzungushwa, alitangaza kwamba kutakuwa na kikao cha kupitisha mgawo mpya wa fedha hizi mikoani. Akaagiza ramani zote zitolewe stoo, tangu ile ya kwanza kabisa, zibandikwe ukumbini ili wajumbe waone zilikokuwa zikienda miaka yote. Tulifanya kazi ile mimi na Bwana Rula, yeye anapima, mimi napanda kwenye kiti nabandika. Tulianzia mlangoni na ramani kuukuu zenye karatasi iliyobadilika rangi, tukazunguka kuta zote nne mpaka tukarudi mlangoni upande wa pili.

Mama, ramani nyingine nilizipaka kwa mkono wangu huu, lakini sikuwahi kuziona zote kwa mara moja. Nilipobandika ya mwisho nilishuka kwenye kiti, nikarudi kwenye ile ya kwanza, nikaanza kutembea taratibu nikiufuata ukuta. Nchi ilikuwa inakwenda, Mama! Wekundu ulianzia kaskazini, mwaka wa ukame ule ambao babu alipenda kuusimulia, ukashuka mikoa ya kati, ukapoa ukawa njano, ukafutika. Kisha mvua zikaja na hasira zake, wekundu ukalala kando ya mto kutoka milimani hadi unapomwagikia bahari. Ukapanda tena, ukahama, ukatulia. Halafu ikaja miaka ya ugonjwa, nchi karibu nzima nyekundu, weupe wa kuutafuta kwa kidole. Na baada yake nikaona njano, kisha weupe, mkoa mmoja mmoja ukisimama tena.

Nilikuwa nawaza kwamba ndani ya kila doa jekundu kuna majiko yaliyowashwa siku ambazo yasingewashwa. Na fedha zenyewe zimetoka wapi? Zimetoka kwa watu. Mtu ananunua sabuni yake huko aliko, hana habari, kitu kidogo kinakatwa kinaingia mfukoni mwa serikali, kinakwenda, kinakwenda, mpaka kinatua mikononi mwa mtu ambaye hatakutana naye maisha yake yote. Huyu hajui amempa nani, yule hajui amepewa na nani, na hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Na jambo hilo limekuwa likiendelea kimyakimya tangu sijazaliwa. Nilijikuta nimekaa sakafuni na sketi yangu ya kazini, nimeinua shingo, mdomo wazi.

Bwana Rula alinikuta hivyo. Nilijua nitasemwa. Badala yake alizungusha macho kuta zote, akaguna, akajishusha chini pembeni yangu, magoti yakilalamika, akasema kwamba miaka yote hiyo alikuwa anatazama karatasi, leo ndiyo mara ya kwanza ameona nchi. Tukakaa pale tumeduwaa, watu wazima na akili zetu.

Ndipo nikaitafuta kwetu. Nadhani kila mtu akiona ramani hutafuta kwao. Mama, mkoa wetu ni mweupe. Si mwaka mmoja, ni miaka yote, ukuta hadi ukuta. Hata mwaka ule wa mafuriko, maji yalipoingia mpaka dirishani na tukahamia darasani pale shuleni juu ya kilima, mweupe pe! Na mkoa jirani, ule wa ng'ambo ya mto, mwaka huohuo ni mwekundu wa kuiva.

Hapo moyo ulinishuka, kwa sababu nilikuwa naujua mgawo mpya unavyosema. Unasema mkoa ambao haujachukua fedha za dharura kwa miaka mingi ni mkoa unaojiweza, kwa hiyo kituo chake kifungwe na fungu lake liongezewe mikoa myekundu. Mkoa wetu ndio ulioandikwa wa kwanza. Na wakuu wa kwetu walikuwa wanajivunia hilo, kila kikao wanasimama na kusema watu wao si wa kuombaomba. Wakati huohuo barua yako ya mwisho ilikuwa kwenye mkoba wangu, ukiniambia lile daraja la miguu limesombwa na hakuna dalili ya kujengwa jingine, na watabiri wa hali ya hewa wanasema mvua za msimu ujao si za mchezo. Nikajiuliza, maji yakija tena, nyinyi mtamkimbilia nani?

Nilimwambia Bwana Rula kwamba weupe ule sio kweli. Nikamsimulia mafuriko. Akaniuliza kwa upole, kama hatukulipwa, tuliponaje? Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu tangu utoto wangu, kwamba Baba alikuwa ametutumia pesa kutoka alikokwenda kutafuta kazi, na wewe ukatuchukua tukavuka daraja hadi mjini ng'ambo kuzipokea, kwenye ghala lenye mlango wa kijani na mzani mkubwa nje.

Mzee wa watu alibaki ameshika rula hewani. Akaniuliza tena habari za mlango wa kijani. Akauliza kama mzani ulikuwa na sahani moja iliyovunjika. Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu alitaka kuipanda ukamkataza. Akasema kwamba mwaka ule, angali kijana, ni yeye aliyekuwa amekaa nyuma ya meza ndani ya ghala lile. Alikuwa akilipa fedha za dharura. Alisema msimu ule mzima mlango ule haukupitisha kitu kingine chochote, si mzigo wala pesa za mtu binafsi, na analikumbuka sana ghala lile kuliko vituo vyote kwa sababu ya jambo moja lililomshangaza. Watu waliopanga mstari walikuwa hawaamkiani. Mstari mrefu wa watu wazima, kimya, kila mmoja anatazama visigino vya mwenzake. Alidhani ni desturi ya wenyeji wa mji ule, akawaacha na desturi yao.

Mama, nilicheka. Nikamwambia mzee, sisi kwetu tunaamkia hata kuku. Mtu akikupita bila salamu unamtumia ujumbe kuuliza umemkosea nini. Nikacheka mwenyewe, halafu kicheko kikanikatika katikati, kwa sababu nilianza kukumbuka.

Nilimkumbuka fundi baiskeli, yule aliyekuwa haachi kunitania nikipita kibandani kwake. Siku ile alikuwa mbele yetu kidogo kwenye mstari. Nilimwita, na wewe ukanibana mkono. Alitazama ukutani, na wewe ukatazama upande wa pili. Nilishangaa, nikajiuliza fundi baiskeli naye ana baba gani wa kumtumia pesa, na mvi zote zile. Nikamkumbuka Mama Pacha, ambaye asubuhi yake tu alikuwa kwetu kuomba chumvi, naye alijifunika mtandio kama amekuja kumwibia mtu. Nikamkumbuka mwalimu wa hesabu. Nikamkumbuka na yule mama mkwe wa mwenye duka, aliyetutangazia kijiji kizima kwamba kwake kuna akiba ya mwaka.

Nikaelewa. Kituo chetu kiko sokoni kabisa, dirisha linatazamana na wauza nyanya, ukisimama pale, kufika jioni watoto wanaimba jina lako. Kwa hiyo kila mmoja, kwa siri yake, alivuka mto akajipanga mahali asikojulikana. Wakakutana wote kulekule! Kijiji kizima kilikwenda kujificha mahali pamoja, na mkipishana kurudi mnapeana nafasi darajani na hakuna aliyemwona mwenzake. Jamani, Mama! Na si kijiji chetu tu, si mwaka ule tu. Miaka yote, balaa likija, mkoa wetu ulikuwa unavuka kimya, unachukua, unarudi kimya.

Bwana Rula alisema kosa jingine ni lake. Alikuwa akiuliza jina, anachukua alama ya kidole, anamwita anayefuata. Kamwe hakuuliza mtu amelala wapi usiku wa kuamkia leo. Basi kila kilicholipwa pale kiliandikwa ni cha mkoa ule, na karani aliyempokea naye akaendelea hivyo, na aliyefuata pia. Alitazama ramani zake akasema kumbe siku zote tunapaka rangi ilipo meza ya karani, hatupaki lilipo tatizo. Kisha naye akacheka, kicheko cha mtu aliyeona muujiza, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Kikao kilikuwa kesho yake. Bwana Rula aliomba nafasi akaeleza yote, hakujificha nyuma ya mtu. Wajumbe wakamsikiliza kwa heshima, lakini mmoja akasema serikali haiwezi kugeuza mgawo kwa kumbukumbu za mzee kuhusu watu waliokosa kusalimiana, na wengine wakaanza kuguna kwamba ni kweli. Niliona jambo linatuponyoka. Nilisimama. Nikawaambia mimi nilikuwa kwenye mstari ule. Nilikuwa mtoto, nimeshika gauni la mama yangu, na pesa iliyotoka kwenye meza ile ndiyo iliyonilisha mpaka maji yakapungua. Nikawaambia nimesimama mbele yao nina kimo hiki kwa sababu yake.

Mkurugenzi aliondoka kitini, akaenda hadi ramani ya mwaka ule, akaweka kiganja chake juu ya weupe wetu akakiacha hapo. Aliuliza, si kwa mtu fulani, bali kama anajiuliza mwenyewe, kama weupe huu si weupe, basi ni mingapi kati ya mikoa hii yote myeupe ni watu waliotazama pembeni? Kila mmoja akageuka kutazama kuta. Mama, unisadiki, watu wazito wale, wenye magari na walinzi, walizunguka ukumbi ule wanatazama zile sehemu tupu kana kwamba wamesikia mtu anapumua ndani yake.

Basi akaahirisha uamuzi. Lakini akasema wazi kwamba neno la aliyekuwa mtoto halitoshi. Anatutuma mimi na Bwana Rula tuje huko mwisho wa mwezi. Anataka watu wazima wa kwetu, wakiwa kwetu, waseme kwa vinywa vyao kwamba walivuka na walichukua. Wakipatikana, mkoa unabaki na fungu lake na kituo kinasogezwa mahali penye staha. Wasipopatikana, mgawo unapita kama ulivyoandikwa.

Na wewe unawajua watu wetu. Fundi baiskeli hatasema mpaka Mama Pacha aseme. Mama Pacha hatasema mpaka mtu mwingine aseme. Watatukaribisha vizuri, watatupa viti, na watatuambia hapa hatujawahi kupungukiwa.

Sasa, Mama, nimefika kwenye lile nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo. Nimejua kwamba Baba hakututumia pesa.

Usishtuke, na usianze kutafuta maneno ya kuniambia, sihitaji uniambie kitu. Nakumbuka pale darajani ulivyotuambia twende haraka tukachukue pesa za Baba. Nakumbuka tuliporudi ulivyompa mdogo wangu sarafu mkononi ukamwambia hii Baba amesema ni yako peke yako. Mpaka leo watu wakimsema Baba vibaya, mdogo wangu anawaka, anasema potelea mbali mengine yote, lakini mwaka wa mafuriko alitukumbuka. Ni kitu pekee alicho nacho kutoka kwa baba yake, na ulimtengenezea wewe.

Na mimi nilikuwa namwombea, Mama. Unakumbuka? Kila tukikaa kula, mpaka nimemaliza shule, nilikuwa nafumba macho namshukuru Mungu kwa ajili ya Baba aliyetulisha wakati wa shida. Na wewe, uliyevuka daraja lile linalotikisika, mmoja mgongoni mmoja mkononi, mto umechafuka chini yako, wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu na mwiko mkononi, unaitikia amina. Uliitikia amina, Mama! Miaka yote ile! Hukuwahi kukohoa, hukuwahi kuinuka, hukuwahi hata siku moja kusema basi inatosha. Wiki nzima sasa natembea na jambo hilo. Nilidhani zile ramani ndizo kitu kikubwa nitakachokiona maishani. Nimezunguka ukumbi ule nikashangaa nchi nzima, kumbe cha kushangaza nilikuwa nakula nacho sahani moja.

Ukumbini sikulitaja jina lako. Nilisema mama yangu, na kila mtu ana mama. Tutakapofika huko tutaweka meza pale shuleni, Bwana Rula na mimi, na atakayetaka kusema atasema. Ukiamua kubaki ndani, nitakuja kwako jioni nikusalimie, nile, nilale, na jambo hili sitalifungua tena mpaka tunazikana. Kama ni kwa ajili ya mdogo wangu, nitaelewa, tena nitakusaidia kulilinda. Lakini ukiamua kuja, Mama, njoo wa kwanza. Ukisema wewe, najua nyuma yako watatoka wengi mpaka tukose karatasi. Sikushurutishi. Nimekuwekea tu mbele yako, kama mtu mzima anavyomwekea mtu mzima mwenzake.

Nisalimie Mama Pacha, usimwambie nimemwandika. Nisalimie majirani wote wa kushoto na kulia, na huyo anayenijibia simu yako mwambie nalala vizuri, anashukuriwa. Mdogo wangu nimemtumia viatu, atavikuta kwenye mzigo huu, asivivalie shambani. Dawa ya mgongo imo humohumo, unapaka ukiwa unakwenda kulala, si unapokwenda sokoni.

Zile dua zangu zote za mezani zilikuwa na anwani ya mtu mwingine. Juzi nimemwambia Mungu azirudishe zote, aziandike upya kwa jina lako, tangu ile ya kwanza. Asante kwa kutulisha, Mama. Sasa uitikie amina, lakini safari hii ujue unaitikia ya kwako.

Ni mimi binti yako,
Kifungua mimba wako